Matrikile ya Pipa

Jumatatu asubuhi, bendera ikiwa imeshapandishwa na wimbo umeimbwa mpaka ubeti wa mwisho, Shefu Hyacinthe alitangaza kwamba enzi ya kikopo imekwisha katika Ofisi ya Mandhari ya Ndani ya Majengo, tawi la Uvira.

Komunike namba 014, yaani tangazo rasmi, aliisoma yeye mwenyewe, kwa sauti ya kufika mpaka ziwani. Kuanzia siku hiyo ilikuwa marufuku kwa mkono wa binadamu kunywesha chungu chochote cha maua ndani ya jengo. Kazi hiyo ingefanywa na Mfumo wa Unyweshaji wa Matone Unaojiendesha Wenyewe. Mfumo ungebuniwa na Tume, na Tume iliundwa na komunike namba 015, ambayo aliisoma papo hapo ili kuokoa wakati. Wajumbe walikuwa saba: rais, makamu wawili wa rais, mwandishi, msaidizi wa mwandishi, mshauri wa mambo ya maji na mshauri wa mambo ya vyungu. Vyungu vyenyewe vilikuwa tisa. Kila mjumbe angebeba mzigo wa chungu kimoja na kitu, na hakuna aliyeona kwamba mzigo huo ni mwepesi.

Nyuma ya wote, karibu na bomba la uani, Mama Umwiza alikuwa amesimama na kikopo chenyewe mkononi. Kilikuwa cha plastiki, cha bluu, kimekatika mkono wa kushikia. Watu walipiga makofi, na yeye akapiga pia, kwa kugonga kikopo kwenye kiganja. Hakuna aliyemwambia akiweke chini, naye hakujua akiweke wapi.

Alikuwa amenywesha vyungu vile kwa miaka kumi na mmoja. Kila alfajiri alifika kabla ya wengine, akachota maji bombani kabla hayajakatika, akajaza bido, lile dumu lake la manjano, akapita chungu kwa chungu. Alijua kwamba kroton ya mlangoni hujikunja ukiisahau siku mbili. Alijua kwamba lile jani gumu refu linaloitwa ulimi wa mama mkwe, ambalo lilikuwa kwenye vyungu vitatu vya koridoni, linataka maji mara moja kwa wiki mbili tu, na ukilizidishia linaoza kwa makusudi. Na alijua jambo moja zaidi, ambalo hakuna mwingine katika jengo zima aliyelijua. Chungu namba tisa, kile kinene kilichokuwa ofisini mwa Shefu, chenye majani mapana yanayong'aa, kilikuwa cha plastiki kuanzia ncha ya jani mpaka kwenye mzizi, kama mzizi ungekuwepo.

Mwaka wa kwanza alijaribu kulisema.

"Shefu, ile ya namba tisa, minye naona ni kama..."

"Weye iko na matrikile?" Shefu alimuuliza bila kuinua macho.

"Bado, Shefu."

"Muntu hana matrikile, hana maoni. Nywesha."

Akanywesha. Kwa miaka kumi na mmoja alimimina maji kwenye plastiki kila asubuhi, na kila jioni akayakausha na kitambaa yaliyomwagika sakafuni, na Shefu akawaambia wageni kwamba siri ya mmea ule ni uongozi bora.

Matrikile ndiyo iliyokuwa kiu ya Mama Umwiza. Ni namba ya utumishi. Mwenye nayo serikali inamjua, na asiye nayo anaitwa unite mpya, kama aliyeingia jana, hata akiota mvi kazini. Dosye yake, yaani jalada la maombi, ilikuwa imeandaliwa mara nne kupanda barabara ya Bukavu, makao makuu ya mkoa. Mara ya kwanza ilirudi kwa sababu kwenye picha masikio yake hayakuonekana yote mawili, maana alikuwa amefunga kitambaa. Mara ya pili masikio yalionekana lakini tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi. Mara ya tatu, kabla haijaondoka, ziwa lilipanda, likaingia ofisini mpaka droo ya pili kutoka chini, na dosye yake ilikuwa droo ya kwanza. Mara ya nne alipeleka nakala, ikarudishwa na barua ya adabu kabisa iliyomtaka alete ile iliyozama.

Hata hivyo hakukata tamaa, kwa sababu nafasi yake ilikuwepo. Kwenye ukuta wa koridoni kulikuwa na mchoro mkubwa wa muundo wa ofisi, na chini kabisa, kwenye kisanduku cha mwisho, iliandikwa: *Agenti Mnyweshaji, nafasi wazi.* Kila alipopangusa vumbi, alianza na kisanduku hicho. Sasa komunike namba 014 ilikuwa imemwondolea kazi, na kama kazi haipo, kisanduku kingekuwa cha nani? Siku hiyo alipangusa mchoro wote na kisanduku chake akakipita. Mkono ulikataa.

Shefu naye alikuwa na kiu yake. Chini ya kila saini yake kulikuwa na herufi mbili, a.i., zenye maana kwamba cheo anakishikilia kwa muda tu. Muda huo ulikuwa umeingia mwaka wa kumi na tatu. Kabla yake alikuwa nani, hakuna aliyekumbuka, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya zamani. Watu walijua tu kwamba hapendi kumwona mtu na kikopo. Mama Umwiza alipoingia kunywesha namba tisa, Shefu aligeuza uso dirishani mpaka amalize. Aliamini kwamba mfumo wa matone utasikika Bukavu, na kwamba mwenye mfumo kama huo hawezi kuachwa na herufi mbili mkiani.

Tume ilianza kazi Jumatano. Mshauri wa mambo ya maji alikuwa Gédéon, fundi wa simu na paneli za jua kutoka Kimanga, mtu pekee mle ndani aliyekuwa na bisibisi. Alimaliza kubuni kabla rais wa Tume hajamaliza kuwakaribisha wajumbe.

"Tunaweka pipa juu ya kabati," alisema. "Tunatoboa tundu tisa. Kwa kila tundu tunafunga mpira ya serumu, ile ya hospitali, mipya, naapa. Kila mpira iko na kigurudumu ya kubana. Unabana, mayi inashuka tone kwa tone mpaka mu chungu. Imeisha."

"Na pipa inajazwa na nani?" aliuliza makamu wa kwanza wa rais.

"Na muntu."

Lionel, mwandishi wa Tume, kijana wa miaka arobaini na miwili aliyeandika kila neno hata kikohozi, aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Ile neno siwezi kuiandika," alisema. "Mfumo unajiendesha. Muntu anaingia wapi?"

"Asubuhi," Gédéon alisema. "Anaingia asubuhi, anajaza, anatoka."

Neno lilipigiwa kura, likashindwa kwa sita dhidi ya moja. Badala ya mtu, Tume ilichagua pampu ndogo ya umeme, ya kurushia maji kwenye kioo cha gari, iliyotolewa kwenye gari ambalo halikuwa tena na kioo. Pampu ingefungwa bombani na kuamshwa na saa kila siku saa nne kamili, muda ambao wajumbe wote huwa wamefika na wanaweza kuisimamia. Gédéon alikumbusha kwamba maji ya mtaa ule huja alfajiri na kukatika saa moja, na umeme huja saa nne, kwa hiyo viwili hivyo havijawahi kukutana. Hoja yake iliingizwa kwenye mambo mengineyo, na kikao kikafungwa.

Mama Umwiza aliyasikia yote. Alikuwa anapiga deki mlangoni, taratibu kuliko sakafu ile ilivyostahili.

Vikao vinne vilivyofuata vilihusu idadi ya matone. Mshauri wa mambo ya vyungu alifanya utafiti wa kina kwa kukaa kwenye kiti na kuangalia. Aligundua kwamba vyungu nane hubadilika: vinanyauka, vinaota, vinaangusha majani, havina msimamo. Namba tisa haikuwa imeangusha hata jani moja tangu ofisi ifunguliwe. Tume iliitangaza kuwa Chungu cha Mfano, ikaamua ipewe matone mara mbili ya mengine, na wenzake walio dhaifu wapewe machache mpaka wajirekebishe.

"Mama Umwiza, si unaona ile mumea vile iko na nidhamu?" Lionel alimwambia, akiwa ameguswa kweli.

"Naona, Papa Lionel," alijibu. "Ile haijawahi kunisumbua."

Kikwazo kilijitokeza siku ya kufunga mitambo. Hakukuwa na kifungu cha serikali kinachoruhusu ofisi kuwa na mashine. Kifungu cha mashine kilikuwa kimefutwa ili kupunguza karatasi. Rais wa Tume alishauri waahirishe. Shefu alitembea koridoni, akarudi, akasimama mbele ya ule mchoro wa ukutani, na Mama Umwiza, aliyekuwa anakamua kitambaa, akaona kidole cha Shefu kikishuka polepole kisanduku kwa kisanduku mpaka cha mwisho.

"Mashine hatuna ruhusa," Shefu alisema. "Lakini agenti tuko na nafasi. Lionel, leta fomu."

Mama Umwiza aliacha kukamua. Ilikuwa fomu ileile. Aliijua kwa kichwa, aliweza kuijaza akiwa amelala. Alisimama pale na kitambaa chake, akasikiliza wakimjazia mwingine.

"Jina?" alisoma Lionel.

"Matone," Shefu alisema. "Jina la pili, Otomatiki."

"Mahali pa kuzaliwa?"

"Kimanga," Gédéon alisema. "Vipande byote nilinunua kule."

"Tarehe?"

"Juzi."

"Hali ya ndoa?"

Walishauriana. Waliandika kwamba hajaoa.

"Watoto?"

"Tisa," alisema mshauri wa vyungu, na hakuna aliyeona ubaya, ingawa Lionel, ambaye ni shemasi, alisikitika kidogo.

"Afya?"

"Inavuja kwa chini," Gédéon alisema.

Waliandika: afya njema, mafua madogo. Kisha wakampiga picha. Pipa lilikuwa na vishikio viwili, kimoja kila upande, na kwenye picha vyote viwili vilionekana vizuri kabisa.

Mwisho ilibaki karatasi ya tathmini, ambayo kila agenti wa serikali hupewa na mkubwa wake. Alama zilikuwa nne, na ya juu kabisa, Elite, haikuwa imewahi kutolewa na ofisi hiyo. Shefu aliandika kwa mkono wake: *Hachelewi. Haombi ruhusa. Hasinzii kazini. Hanung'uniki. Elite.* Akatia saini, akaweka herufi zake mbili, akapuliza wino ukauke. Bukavu wangeona ni watu wa aina gani anaowaongoza.

Siku ya uzinduzi saa nne ilifika, umeme ukaja, pampu ikaunguruma. Iliunguruma kwa dakika ishirini bila tone hata moja, kwa kuwa bomba lilikuwa kavu tangu saa moja. Shefu alieleza kwamba mfumo unajiandaa. Siku ya pili ulijiandaa tena. Siku ya nne kroton ya mlangoni ilijikunja kabisa, na Tume ikaandika kwamba mmea huo unapinga mabadiliko.

Siku ya tano Mama Umwiza alifika alfajiri kama zamani. Hakuwa na kazi ya kufika alfajiri, lakini miguu haikuwa imesoma komunike. Aliiangalia kroton, akaangalia mlango, akasema peke yake, "Minye sitanywesha chungu. Wamekataza chungu. Pipa hawakukataza." Akachota bido ya manjano bombani, akapanda kwenye kiti, akajaza pipa mpaka juu. Kisha akapita kwenye vile vigurudumu vya serumu: kroton akamfungulia kidogo, ndimi za mama mkwe akazibana karibu kuzima, namba tisa akaizima kabisa, kisha akaifungulia tone moja moja kwa heshima ya ofisi. Matone yakaanza kushuka. Yalifanya sauti ndogo nzuri, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu alicheka. Hicho kitu cha Gédéon kilikuwa kizuri kweli. Kilikuwa kinamtaka mtu tu.

Wafanyakazi walipofika saa nne walikuta mfumo unafanya kazi. Shefu alipeana mikono na Tume nzima. Kuanzia hapo Mama Umwiza alijaza pipa kila alfajiri, na kila siku alipomaliza aliacha alama moja sakafuni, ya matone ya bido, kutoka bombani mpaka kabatini.

Wiki tatu baada ya fomu kupanda Bukavu, bahasha ilishuka. Lionel aliifungua mbele ya wote. Serikali ilikuwa na furaha kumjulisha Bwana Matone Otomatiki kwamba dosye yake, baada ya kuchunguzwa, ilionekana kuwa kamili, na kwamba amepewa matrikile.

Wiki tatu. Mama Umwiza alikwenda uani, akageuza bido, akaketi juu yake. Hakulia mbele ya watu. Alilia pale, kwa nguvu, kama mtu aliyepigwa. Miaka kumi na mmoja, dosye nne, masikio yake mawili ya kuzaliwa nayo. Na pipa lile, ambalo yeye ndiye aliyelijaza, lilikuwa linajulikana na serikali kwa jina na kwa namba.

Gédéon alimkuta.

"Mama, minye najua nani anajaza," alisema. "Niliona maalama ya mayi. Unataka niseme?"

"Useme kwa nani? Muntu hana matrikile hana maoni."

"Basi kesho usijaze."

"Na kroton imenifanyia nini?" aliuliza, akapangusa uso, akasimama.

Alhamisi ya wiki hiyo gari lilifika kutoka Bukavu likiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vioo na gunia la mchele wa Sange juu yake. Ndani yake alikuwamo Madame Félicité, mdhibiti wa serikali, na mashine ndogo ya kuchukua alama za vidole. Ilikuwa ni kontrole ya mwili. Kila agenti anasimama mbele ya mdhibiti, anataja jina lake, anaweka kidole gumba. Asiyesimama anaitwa agenti hewa, na aliyemtilia saini agenti hewa anatoka ofisini siku hiyohiyo, bila kuulizwa amekula au bado.

Shefu alipotazama orodha aliona jina la sita, la pipa. Uso wake ukapata rangi ya majivu. Akamvuta Mama Umwiza nyuma ya mlango.

"Mama yangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Leo ukisikia banaita Matone Otomatiki, weye itika tu. Sema, niko. Unaweka kidole, imeisha."

"Minye jina yangu Umwiza, Shefu."

"Najua! Lakini kwa dakika moja..."

"Baba yangu alinipa jina mbele ya kanisa," alisema. "Leo niitike jina ya pipa? Hapana, Shefu. Nimenyamaza miaka mingi, lakini sijawahi kusema bongo. Kudanganya siwezi."

Hakupandisha sauti.

"Matone Otomatiki!" Madame Félicité aliita.

Ofisi nzima iliangalia dari, isipokuwa Gédéon, aliyeangalia pipa.

"Bwana Otomatiki, hajaoa, watoto tisa," Madame alisoma. "Iko wapi?"

"Iko... juu ya kabati," Lionel alisema, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kudanganya mbele ya daftari.

Madame Félicité alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, amekagua ofisi za mkoa kwa miaka ishirini, na hakuna kitu kilichokuwa kimebaki cha kumshangaza. Alilitazama pipa, akalilinganisha na picha, akakubali kwamba masikio ni yaleyale. Akaligonga. Akajaribu kuona ni wapi ataweka kidole gumba. Kisha akainama, akafuata alama ya maji sakafuni, hatua kwa hatua, kutoka kabatini, koridoni, mlangoni, mpaka uani kwenye bomba. Wote walimfuata. Shefu alikuwa wa mwisho.

"Bomba hii inatoka mayi saa ngapi?"

"Alfajiri tu," Gédéon alisema.

"Na pampu inaamka saa nne. Basi pipa inajazwa na nani?"

Mama Umwiza alimwangalia Shefu, kisha Lionel, kisha mikono yake mwenyewe.

"Ni minye," alisema. "Kila asubuhi. Na ile vigurudumu, minye nabanaka."

"Tangu lini?"

"Pipa, tangu mwezi jana. Maua yenyewe, miaka kumi na moja."

Madame Félicité alirudi ndani, akaketi, akafungua daftari.

"Bwana Shefu," alisema, "hapa ni mawili. Kwa sheria, agenti ni yule anafanya kazi ya ile nafasi. Kama agenti ni pipa, basi umetia saini agenti hewa, na weye unatoka leo. Kama agenti ni huyu mama, basi agenti yupo, kazi iko, alama ya Elite ni ya haki, na mulikosea tu mu jina. Fomu ya kusahihisha iko hapa. Unachagua gani?"

Shefu alichagua kabla Madame hajamaliza kuuliza. Alisaini fomu ya kusahihisha katika nakala nne, akaapa kwa maandishi kwamba kila mahali ilipoandikwa Matone Otomatiki isomwe Umwiza Nyiramahoro. Sheria haikuruhusu kusahihisha kitu kingine zaidi ya jina. Kwa hiyo Mama Umwiza, mama wa watoto wanne na bibi wa mmoja, alikuwa sasa mbele ya serikali amezaliwa Kimanga mwezi uliopita, hajaoa, ana watoto tisa na mafua madogo, na pensheni yake ingeanza baada ya miaka sitini na tano.

"Unakubali, Mama?" Madame aliuliza.

"Na matrikile?"

"Ni yako."

"Basi nakubali na mafua," alisema, akaweka kidole gumba juu ya kioo. Mashine ililia pi, na hapo machozi yalimtoka mbele ya wote bila kuyazuia. Gédéon alipiga kigelegele kwa niaba ya wanawake waliokuwa hawapo.

Shefu alikuwa tayari anapangusa jasho na kuuliza kama Madame atakunywa kitu, Madame alipofungua ukurasa wa mwisho.

"Tumebaki na weye. Hyacinthe... Hii interimu yako ilikuwa ya miezi sita. Haikuongezwa. Iliisha miaka kumi na moja na nusu imepita." Alifunua karatasi ya chini, ya manjano, iliyonusurika ziwa. "Cheo chako cha kweli ndicho hiki. Tarishi wa daraja la pili. Kazi zake: kufungua mlango, kupeleka barua, na kunywesha vyungu vya maua kwa kikopo."

Mtu alikohoa, na Lionel akakiandika kikohozi.

Shefu aligeuza uso dirishani. Sasa wote walielewa alikuwa anageuza uso kwa nini, miaka yote ile, na Mama Umwiza alipata huruma kidogo, ambayo aliishikilia kwa muda kisha akaiachia.

"Hatuna adhabu," Madame Félicité aliendelea, akikusanya vitu vyake. "Unarudi tu mu nafasi yako. Na kwa kuwa ofisi haiwezi kubaki bila mwenye kusaini, sheria inasema mwenye alama ya juu anashikilia mpaka Bukavu ijibu. Elite hapa ni mmoja."

Bukavu haijajibu mpaka leo, na hakuna aliyeikumbusha. Lionel alipiga chapa kibao cha mlangoni: *Mama Umwiza Nyiramahoro, Shefu, a.i.* Komunike yake ya kwanza, namba 016, ilivunja Tume, ikafuta marufuku ya mkono wa binadamu, ikamwacha Gédéon na bisibisi yake, na ikarudisha neno *muntu* kwenye maelezo ya mfumo, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Pampu ilirudishiwa gari lake, ambalo bado halina kioo.

Asubuhi iliyofuata Bwana Hyacinthe alifika alfajiri, kwa kuwa maji hayakuwa tayari kumsubiri mpaka saa nne. Alijaza pipa. Alijimwagia maji kifuani mara mbili, akajifunza kupanda kiti, na ilipofika saa moja matone yalikuwa yanashuka kwenye vyungu vinane bila shida. Mpira wa namba tisa ndio ulikuwa umeziba. Alisimama mlangoni pa ofisi iliyokuwa yake, na kile kikopo cha bluu mkononi, na kwa mara ya kwanza aliuangalia mmea ule kwa karibu, majani yake mapana yasiyo na vumbi wala kasoro.

"Mama Shefu," alisema kwa unyenyekevu. "Hii namba tisa... ninywesheje? Maoni yako?"

Mama Umwiza aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Hakuna mtu katika jengo lile aliyekuwa amewahi kumwuliza maoni yake, na sasa alikuwa na namba, kwa hiyo maoni alikuwa nayo. Aliyatafakari kwa muda unaostahili ofisi ya serikali.

"Iyo, Baba Hyacinthe, usiisahau hata siku moja," alisema. "Vikopo viwili kila asubuhi. Na jioni upanguse sakafu."